Umeme na Nishati Safi Chunya: Fedha ya Washirika Inaishia Wapi, Yako Inaanzia Wapi

Wakazi wengi wa Wilaya ya Chunya wamekwisha kusikia kwamba umeme unaofika vijijini mwao ni wa msaada. Wengine wameambiwa ni wa mkopo, na wengine kwamba ni wa bure. Kutokana na kauli hizo, wapo wanaokataa kulipa gharama halali kwa kuamini kwamba mhisani amekwisha kuilipa. Wapo pia wanaolipa gharama isiyo halali kwa kudhani kwamba ndilo sharti la mradi. Hali zote mbili humletea mtumiaji hasara.

Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza namna ushirikiano wa kimataifa unavyoleta nishati nafuu na safi katika Nyanda za Juu Kusini, fedha hiyo inalipia nini, na ni wapi jukumu la mtumiaji linapoanza. Tunasisitiza jambo moja: kila mradi una mpaka wa gharama. Anayeufahamu mpaka huo hawezi kutozwa mara mbili kwa urahisi.

1. Kwa nini mataifa hushirikiana katika nishati

Mitambo, njia za kusafirisha umeme na vituo vya kupoza umeme hugharimu fedha nyingi kwa mara moja, ilhali mapato yake hurudi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Nchi yenye wananchi wa kipato cha chini haiwezi kuwatoza gharama yote mwanzoni. Ndiyo maana hutafutwa mikopo ya riba nafuu na misaada.

Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu katika jambo hili. Bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na Sweden, hutegemea maji ya Mto Ruaha Mkuu. Sehemu kubwa ya maji hayo huanzia katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, na hupita Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Kwa miaka mingi maji ya nyanda hizi yaliwasha taa za miji ya mbali, huku vijiji vingi vya huku vikiendelea kutumia vibatari. Kasoro hiyo ndiyo Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilikusudia kuirekebisha, kwa kuunda Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na Mfuko wa Nishati Vijijini. Wakala ulianza kazi mwaka 2007.

Mwaka 2015 mataifa yalikubaliana kuhusu Malengo ya Maendeleo Endelevu, na Lengo la 7 linahusu nishati nafuu, ya uhakika na safi kwa wote ifikapo mwaka 2030. Tarehe 27 na 28 Januari 2025, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam katika mkutano wa nishati. Mkutano huo ulihusu Misheni 300, mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizowasilisha mipango yao, na ilijiwekea lengo la kufikisha asilimia 75 ya kiwango cha uunganishaji umeme.

Ushirikiano si lazima uwe msaada. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa na kampuni za Misri kwa fedha za Serikali ya Tanzania. Vilevile, kwa miaka mingi Sumbawanga imenunua umeme kutoka Zambia, na Kagera kutoka Uganda, kwa kuwa nchi jirani zilikuwa karibu zaidi kuliko gridi ya Taifa.

2. Fedha inavyosafiri hadi Chunya

Fedha ya nishati vijijini hutoka katika vyanzo vitatu vikuu.

Chanzo cha kwanza ni mtumiaji mwenyewe. Kila anunuapo umeme, asilimia 3 ya thamani yake huenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini. Ipo pia tozo katika mafuta ya magari na mitambo. Mchimbaji wa Matundasi anayenunua dizeli ya jenereta yake, na mwenye duka wa Makongolosi anayenunua umeme wa LUKU, wote wawili wanachangia nguzo zitakazosimikwa katika kitongoji wasichowahi kukiona.

Chanzo cha pili ni bajeti ya Serikali. Cha tatu ni washirika wa maendeleo. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 209 kwa ajili ya programu ya kupanua umeme vijijini. Norway, Sweden na Umoja wa Ulaya nao wamechangia miradi ya REA, ikiwamo ile ya ujazilizi, yaani kuwaunganisha walio karibu na laini iliyokwisha kujengwa lakini waliorukwa.

Tunaomba msomaji atofautishe mkopo na msaada. Msaada haurudishwi. Mkopo, hata ukiwa wa riba nafuu na wa muda mrefu, hulipwa na Taifa, yaani kwa kodi zetu sote. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza maswali kuhusu mradi kijijini kwake hamkosei mtu adabu. Anauliza habari za fedha ambayo yeye na wanawe wataishiriki kuilipa.

Mradi mwingine mkubwa unaozihusu nyanda hizi ni njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 400 kati ya Tanzania na Zambia. Njia hiyo imepangwa kutoka Iringa kupita Mbeya hadi Tunduma, pamoja na tawi la kwenda Sumbawanga. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 455 kwa mradi huo, huku Shirika la Maendeleo la Ufaransa na Umoja wa Ulaya wakichangia pia. Madhumuni yake ni kuziunganisha gridi za Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika ili nchi yenye ziada iiuzie yenye upungufu. Mtumiaji wa Chunya asitarajie bei ishuke kwa sababu ya laini hiyo pekee. Anachoweza kutarajia ni umeme wenye nguvu zaidi na wa uhakika zaidi katika ukanda huu. Laini inapokuwa ndefu na yenye mashine nyingi, kama makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, nguvu ya umeme hupungua kwa walio mwishoni.

Ufadhili wa Benki ya Dunia huja pia na haki. Mradi unaofadhiliwa nayo unatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko, na mali ya mtu iliyomo katika mkuza wa laini kubwa hutathminiwa na kulipwa fidia. Wananchi walioathirika na wasioridhika wanaweza hata kuwasilisha shauri lao kwa Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo, lililoanzishwa mwaka 1993.

3. Mpaka wa gharama

Gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja kijijini ni shilingi 27,000. Ni vyema mtumiaji ajue kiasi hicho kilitoka wapi. Mwaka 2013 gharama ya kumuunganisha mteja wa kijijini asiyehitaji nguzo ilikuwa shilingi 177,000, yaani shilingi 150,000 pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, ambayo ni shilingi 27,000. Miradi ya REA ilipoibeba ile 150,000, mteja alibakiwa na kodi tu. Hivyo anayelipa 27,000 hajapewa umeme bure, ila sehemu kubwa ya gharama imekwisha kulipwa na mfuko uliochangiwa na yeye mwenyewe, Serikali na washirika.

Gharama zinazobebwa na mradi ni:
– nguzo na nyaya za laini katika eneo la mradi;
– transfoma;
– mita na waya wa kuingiza umeme katika nyumba ya mteja wa njia moja.

Gharama zinazobebwa na mteja ni:
– shilingi 27,000 za kuunganishiwa, kijijini;
– kutandaza nyaya ndani ya nyumba, pamoja na swichi, soketi na taa;
– umeme anaoutumia.

Ukiombwa fedha ya nguzo, ya usafiri wa nguzo, ya chakula cha mafundi au ya "kuharakisha jina", tambua kwamba mpaka umevukwa. Kataa, kisha utoe taarifa.

Kutandaza nyaya ndiko kunakowakwamisha wengi. Mteja anayo njia nafuu: kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho huja kikiwa na soketi na swichi zake na kumwezesha mwenye nyumba ndogo kupata umeme bila kutandaza nyaya katika nyumba nzima. Nyumba kubwa zaidi inahitaji mkandarasi mwenye leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hujampa malipo ya awali. Vishoka huja na bei ndogo na ahadi kubwa, lakini nyaya zisizofaa ndizo huunguza nyumba, na kazi yao haimpatii mteja fomu halali ya kuombea umeme.

Maombi hufanyika katika ofisi ya TANESCO au kwa mfumo wa Nikonekt, unaopatikana kwa simu janja na kwa simu ya kawaida kupitia *152*00#. Malipo yote hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu, hata akiwa amevaa sare.

4. Kijiji au mji?

Suala hili huleta manung'uniko mengi katika wilaya kama Chunya, ambako maeneo ya machimbo hukua haraka na makazi yakabadilika sura kabla ya hadhi yake kubadilika. Mjini, tangu Januari 2022, gharama ya njia moja kwa nyumba isiyohitaji nguzo ni shilingi 320,960, karibu mara 12 ya gharama ya kijijini. Majirani wawili wanaotenganishwa na barabara wanaweza kujikuta katika makundi mawili tofauti.

Kabla ya kulipa, uliza ofisi ya TANESCO eneo lako limewekwa katika kundi gani, na uombe jibu hilo kwa maandishi. Uliza pia katika ofisi ya kijiji au kitongoji iwapo eneo limo katika mradi wa REA unaoendelea. Baada ya vijiji vyote kufikiwa na laini, kazi sasa imeelekezwa kwenye vitongoji. Mmoja wa miradi hiyo umetengewa vitongoji 15 kwa kila jimbo, nayo Chunya ni Jimbo la Lupa. Kitongoji kisichokuwamo katika awamu moja kinaweza kuingizwa katika nyingine, na orodha si siri. Dai isomwe katika mkutano wa hadhara.

Wenye mashine za kusaga na makarasha wafahamu kwamba gharama ya shilingi 27,000 ni ya njia moja tu. Umeme wa njia tatu una gharama zake, na huombwa kwa utaratibu tofauti.

5. Uniti 75: mpaka usioonekana

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, aliye katika kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kundi la kawaida, T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti tangu uniti ya kwanza. Juu ya bei hizo huongezwa asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, jumla asilimia 22.

Tazama tofauti hii:
– Uniti 60, kundi la D1: shilingi 6,000, na pamoja na makato ni 7,320.
– Uniti 80, kundi la D1: shilingi 9,250, na pamoja na makato ni 11,285.
– Uniti 80, kundi la T1: shilingi 23,360, na pamoja na makato ni takriban 28,500.

Anayezidisha uniti 75 mara kwa mara anaweza kuhamishiwa T1, na hapo familia ile ile, kwa taa zile zile, italipa zaidi ya mara mbili. Mwenye nyumba anayewaunganisha wapangzaji watatu katika mita moja, au anayeendesha jokofu la biashara kwa mita ya nyumbani, ajue kwamba ndivyo anavyoupoteza unafuu huo. Angalia kundi lako katika risiti ya LUKU. Ukiona umewekwa T1 ilhali matumizi yako ni madogo, omba ofisi ya TANESCO ikupitie upya.

Risiti hiyo pia huonyesha kodi ya majengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo si bei ya umeme. Usiponunua umeme kwa miezi kadhaa, kodi hiyo hulimbikizwa na kukatwa unaponunua.

6. Nishati safi ya kupikia

Taa zinapowaka, jiko mara nyingi hubaki la kuni. Takwimu zinazotumiwa na Serikali zinaonyesha kuwa watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kutokana na maradhi yanayohusiana na moshi wa kupikia. Huko Chunya miti hubeba mizigo miwili: jiko la nyumbani na mabani ya kukaushia tumbaku.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei, alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako zilitolewa ahadi za dola bilioni 2.2. Msomaji azingatie neno "ahadi": ahadi ya fedha haijawa jiko mpaka ifike.

Hapa nchini REA imesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, ikitengewa kila wilaya mitungi 3,255, kwa mwananchi mwenye kitambulisho cha Taifa au namba yake. Mpaka wa gharama hapa ni dhahiri: ruzuku ni ya mtungi wa kwanza, na kila unapojaza tena unalipa bei ya soko. Kabla ya kuuchukua mtungi wa ruzuku, uliza bei ya kujaza katika duka lililo karibu nawe, siyo Mbeya mjini. Mtungi mtupu uvunguni haumsaidii mtu.

Unapojaza gesi:
– hakikisha lakiri haijavunjwa;
– dai mtungi upimwe kwenye mizani mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa juu yake; ongeza kilo 6, na jumla ndiyo uzito unaopaswa kuuona;
– kagua mpira na regaleta, na ukisikia harufu ya gesi fungua milango, usiwashe kiberiti wala swichi.

Aliye na umeme anaweza pia kupikia jiko la presha la umeme. Uingereza imefadhili utafiti wa majiko hayo nchini, kupitia programu ya MECS na shirika la TaTEDO. Kilo ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja, yaani chini ya shilingi 122 kwa mteja wa D1. Ila kumbuka mpaka wa uniti 75, na upange mapishi yako chini yake.

7. Mahali ambapo laini bado

Katika Nyanda za Juu Kusini ipo mifano ya umeme wa karibu. Mwenga, wilayani Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 ulianza mwaka 2012 kwa mchango wa Umoja wa Ulaya na REA, na unawahudumia wanavijiji wa eneo hilo. Chunya, kwa kaya zilizotawanyika, njia ya haraka mara nyingi ni sola.

Nunua sola yenye alama ya ubora ya TBS, risiti na dhamana iliyoandikwa. Ukinunua kwa kulipa kidogo kidogo, piga hesabu ya jumla yote hadi siku ya mwisho, si ya siku moja. Uliza mambo matatu: mtambo huzimwa ukichelewa siku ngapi, betri ikifa nani huibadilisha, na fundi wa karibu yuko wapi. Jibu la "yuko Dar es Salaam" si jibu kwa mkazi wa Lupa Tingatinga.

8. Ukidhulumiwa

Anza na ofisi ya TANESCO ya wilaya, au piga 180 bila malipo. Pokea namba ya taarifa na uitunze. Usiporidhika, peleka lalamiko EWURA kwa maandishi, ukiambatisha risiti na tarehe. Baraza la Ushauri la Watumiaji (EWURA CCC) husaidia kuliandaa bila malipo. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Kwa kipimo cha gesi, mwone Wakala wa Vipimo. Kwa bidhaa isiyo na ubora, TBS. Aliyeombwa rushwa apige 113, TAKUKURU.

9. Kwa muhtasari

– Kijijini, njia moja ni shilingi 27,000. Nguzo huuziwi.
– Uliza kundi la eneo lako kabla ya kulipa.
– Lipa kwa namba ya kumbukumbu pekee, na utunze risiti.
– Baki chini ya uniti 75 ukiweza.
– Ruzuku ya gesi ni ya mtungi wa kwanza. Kujaza ni juu yako.
– Mradi wa mkopo ni deni lako pia. Una haki ya kuuliza.

Tunawashauri wenyeviti wa vitongoji kuisoma sehemu hii katika mikutano yao, hasa kabla mkandarasi hajaanza kazi. Mkutano mmoja kabla ya nguzo kusimikwa huzuia malalamiko mengi baada ya taa kuwaka.